Hando la Hawe

Niliacha kazi siku wanja uliponipinda. Nilimpaka bibi harusi jicho la kulia vyema, lakini la kushoto mkono ukatetemeka, na mstari ukaenda ulikotaka wenyewe. Nikaufuta nikaurudia, ukapinda tena. Mtoto wa watu alikuwa amefumba macho, hakuona kitu. Mimi niliona. Nikamwita Lulu, mwenzangu katika kazi, nikamkabidhi brashi, nikaenda kuketi na wageni. Biriani ilikuwa tamu, jambo ambalo miaka yote ya kupamba maharusi sikuwahi kulijua, kwa maana mpambaji hula akisharudi kwake, na aghalabu hula mkate wa jana.

Lulu na wenziwe wameniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Nitaandika, ila sitasema harusi ipi ilikuwa kubwa wala nani alinisifu. Hayo waulizeni wanaopenda kujisifu, mjini hapa hawakosekani.

Nilifundishwa na Bi Tima wa mtaa wa Kuze, Mungu amrehemu. Nilikwenda kwake nikiwa msichana niliyemaliza shule na kukataa kushona. Nilipanda ngazi zake nyembamba nikidhani nitapewa brashi siku hiyo hiyo. Nilimkuta kaketi mkekani, sinia ya asmini mbele yake, hakuinua hata kichwa.

"Watoka wapi?"

"Nyumbani, Bi. Hapo nyuma ya msikiti."

"Na ndiani umeona nini?"

"Sikuona kitu."

"Basi shuka ukatizame, kisha ndoo unambie."

Nilishuka nimekasirika. Ile njia nimeipita tangu natambaa, nione nini? Nikasimama kwenye kona kama aliyetumwa na kusahau alichotumwa. Wapitao wakanisalimu, nami nikawaitikia kwa aibu. Baada ya kitambo nikaliona dirisha la jirani. Rangi yake ya kijani ilikuwa imebanduka, chini yake ikatokeza buluu, na chini ya buluu kitu kama waridi kilichofifia. Watu wa nyumba ile walikuwa wakipaka juu ya rangi za wazee wao bila kukwangua. Nikarudi nikamweleza.

"Hapo sawa," akasema. "Keti utunge asmini."

Harusi iliyofuata, bibi harusi alitoka na shela ya kijani, na kila alipotembea ukingo wake ulifunua buluu ya ndani. Wanawake wakamuuliza Bi Tima mtindo ule kaupata wapi. Akawajibu, "Dirisha la jirani." Wakacheka, wakadhani anawaficha siri.

Swali lile aliniuliza kila asubuhi kwa miaka. Mpaka leo siwezi kwenda dukani nikarudi na sukari peke yake. Mume wangu alizoea kusimuliwa kishikio cha mlango au kivuli cha baraza, au labda alikuwa amelala, sikuwahi kuhakikisha.

Bi Tima alikuwa na ukuta mmoja chumbani mwake ambao haukuonekana rangi. Mumewe alikuwa mhudumu katika meli za abiria, na kila alipotia nanga alimletea karatasi: kadi za posta, orodha za vyakula zenye maua pembeni, vifuniko vya mikebe ya biskuti, kalenda za mashirika ya ndege. Yeye mwenyewe mwisho wa safari zake ulikuwa kuvuka Feri kwenda Likoni, na alirudi akilalamikia jua. Lakini ukimwuliza mabibi wa Bombay walisuka nywele vipi mamake alipokuwa kigori, alikuonyesha kwa pini zako mwenyewe, kichwani mwako.

Katika ukuta ule kulikuwa na picha ya kalenda niliyoipenda kuliko zote. Mwanamke anashuka ngazi za ndege, kavaa nyeupe. Kiuno kimekazwa, na kuanzia hapo kitambaa kimefumuka kwa mikunjo hadi magotini, halafu chini yake sketi nyembamba. Mkono mmoja kashika kofia isipeperuke, na anamchekea mtu ambaye hayumo pichani. Bi Tima alikuwa akiigonga picha ile kwa kidole kila alipopita.

"Kiuno hichi, Nasra, kitarudi. Kitu chema hakifi, hulala tu."

Alifariki kabla hakijarudi. Aliniachia pini zake, kioo cha mkono, na kalenda ile. Nililia mwezi mzima na nikafanya kazi mwezi mzima, kwa sababu ulikuwa msimu wa harusi na watu hawakuahirisha.

Sasa niseme machache ya kazi yenyewe, maana Lulu atanuna nisiposema. Asmini hutungwa ingali imefumba. Ukitunga iliyokwisha kufumbuka, bibi harusi akifika ukumbini amevaa majani. Itunge alasiri, uifunike kwa kitambaa kibichi, kisha umvike. Joto la kichwa chake ndilo litakaloifumbua, na ukumbi mzima utajua kuwa ameingia kabla hawajamwona. Nyinyi siku hizi mwaleta maua ya plastiki. Hayanyauki, ni kweli. Na uzuri wake ni huo tu.

La pili ni sanduku. Bi Tima hakumpamba mtu kabla ya kwenda kwao na kumwomba bibi wa nyumba afungue sanduku lake. Alitafuta kitu kimoja cha zamani, kimoja tu, na mapambo yote akayajenga juu yake. Nami nikashika njia hiyo. Kuna sanduku lililonipa furungu la fedha la kuvaa mguuni, nikalifanya pambo la nywele. Jingine halikuwa na kitu ila chupa tupu ya manukato, lakini karatasi yake ilikuwa na ua la waridi, na rangi ya midomo ya bibi harusi yule niliitoa pale.

Wengine hawakutaka. Mmoja alinijia na simu, ndani yake picha ya mwigizaji wa ng'ambo, akasema nataka hivi hivi, usipunguze wala usiongeze. Nikamfanyia hivi hivi. Pua ikapatikana, nyusi zikapatikana, kila kitu. Alipoketishwa juu ya jukwaa, bibi yake akaletwa mbele kumwona, akatazama kulia, akatazama kushoto, akauliza, "Mwanangu yuwapi?" Watu walicheka, na bibi harusi akacheka pia, ila mimi nilienda nyumbani na swali lile. Tangu siku hiyo nilijiwekea sharti langu: pambo liwe la kifalme likitaka, lakini bibi yake amjue.

Kisha akaja Kadzo.

Wa kwanza kunijia hakuwa yeye. Alikuja Bi Mwanaisha, shangazi wa bwana harusi, watu wa Kuze wa tangu na tangu, mwanamke asiyejua kusema polepole. Mpwa wake alikuwa karani katika kampuni ya malori huko Shimanzi, na huko ofisini alimpenda msichana wa Kigiriama aliyekuwa akipokea simu. Babake msichana alikuwa Mwislamu, mlinzi wa godauni, mtu wa heshima zake. Hakukuwa na kasoro ya kushika. Bi Mwanaisha alikuwa ameitafuta.

"Mpambe, Bi Nasra, mpambe haswa," akaniambia akijipepea kwa ncha ya buibui. "Watu wasije wakasema tumeoa mwituni."

Nilikwenda kwa wazazi wa msichana, Majengo, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kadzo alinipokea kwa adabu, msichana mrefu, shingo nzuri, macho yenye hadhari. Watu wa kwa mume walikuwa wakimwita Khadija, jina lake la shule. Nikamweleza desturi yangu ya sanduku.

"Sisi hatuna sanduku, Bi," akasema. "Nipambe kama unavyowapamba wao. Waziwazi nakwambia, naogopa. Wale wanawake wananingoja nikosee. Nikikosea siku ile, nitakuwa nimekosea maisha."

Hapo pazia likasogea, akatoka bibi kizee mwembamba aliyejifunga leso mbili, kakumbatia kifurushi. Alikuwa bibi yake mzaa baba, ameshuka kutoka Kaloleni kwa ajili ya harusi. Wao bibi humwita hawe, na mimi nilimwita hivyo hivyo hadi mwisho.

"Sanduku hatuna," Hawe akasema, "lakini hiki tunacho."

"Hawe, nilikwambia ukiweke," Kadzo akasema, na uso ukamwiva.

Hawe hakukiweka. Akafungua fundo. Ndani mlikuwa na hando, vazi la wanawake wa Kigiriama wa zamani: kitambaa cheupe cha marekani, kirefu mno, kilichokunjwa kwa mikunjo midogo midogo mpaka kikawa sketi fupi nzito. Weupe wake ulikuwa umeingia umanjano wa siagi. Kilinuka moshi. Alikivaa siku alipoolewa. Akanisimamisha, akanifunga kiunoni juu ya buibui langu ili nione, na likafumuka hadi magotini.

Nilijitazama katika kioo cha mkono. Kilikuwa kiuno cha Bi Tima. Mwanamke wa kalenda alikuwa ameshuka ngazi za ndege, na kumbe nguo yake ilikuwa imelala Kaloleni siku zote.

Hawe alipotoka uani kuteka maji, nilimweleza Kadzo: gauni refu jembamba la satini, na hando juu yake. Alisikiliza. Nikamwonyesha picha ya kalenda, maana nilikuwa naitembeza katika mkoba wangu. Akaitazama sana, akatazama hando, akatazama tena picha, na nikaona uoga unampungua kidogo.

"Sawa," akanong'ona. "Lakini mtu asijue limetoka wapi. Niahidi, Bi Nasra. Wakijua ni hando watanicheka mpaka nizeeke."

Nikaahidi. Siri ya bibi harusi mpambaji hukaa nayo, hiyo ni amri ya kwanza kabla ya sabuni na maji. Hawe alirudi na ndoo yake, akaniuliza kama hando litafaa, nikamwambia litafaa. Akatabasamu. Nadhani alikuwa amesikia yote. Nyumba ya pazia haina chumba cha siri.

Siku ya kupamba, ukumbi ulijaa baada ya magharibi. Kwa msiojua, kupamba ni karamu ya wanawake peke yao: simu hukusanywa mlangoni, mabuibui huvuliwa, dhahabu hutoka, na bibi harusi hukalishwa juu ya jukwaa atazamwe. Yeye haongei, hacheki, wala hainui macho. Hutazama magoti yake hadi mwisho, na uzuri wake hupimwa pia kwa namna anavyojua kutulia.

Nilimfunga nywele fundo la chini la kizamani kwa pini za Bi Tima. Asmini sikumjaza kichwani, nilizichomeka katika mikunjo ya hando, kiunoni pande zote. Alipoingia, zikaanza kufumbuka. Vigelegele vikapasua ukumbi.

Bi Mwanaisha alinijia mbio, uso unang'aa.

"Wallahi Bi Nasra, hii si ya hapa. Hii ni Dubai."

"Dubai wapi," akadakia mwenziwe, aliyesimama kando na bangili hadi kwenye kiwiko. "Hii ni Uturuki. Hiyo mikunjo ni ya mashine kubwa, watu wetu hawawezi."

"Uturuki mimi nimekwenda," akasema wa tatu, "sikuiona."

"Ulikwenda kutibiwa mgongo, ungeiona wapi? Bi Nasra, wangu yuwaolewa mwezi wa mfungo saba. Niagizie hii hii."

Mimi nikasema nguo ni ya bibi harusi mwenyewe, mkae naye muulizane mambo yakiisha. Walinikonyeza. Sikufurahi. Nilikuwa nimeahidi, na kule nyuma, karibu na mlango wa jikoni, Hawe alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni na leso zake safi, akitazama hando lake juu ya jukwaa. Hakuna aliyemketisha mbele. Mama yake Kadzo alikuwa amebanwa na wageni, na kwa wenyeji Hawe alikuwa kizee tu asiyejulikana.

Yule mwanamke wa bangili alikuwa amemaliza kula. Akageuka, akamwona Hawe karibu na jikoni, akampakatisha sahani zake na za wenziwe, mifupa juu.

"Shika, mama, upeleke ndani."

Hawe akazipokea. Akainuka nazo.

Nilianza kwenda, nikijua nimechelewa, na ndipo nikasikia sauti ambayo haikupaswa kusikika.

"Hawe!"

Kadzo alikuwa ameinua macho. Niliyapaka wanja mimi mwenyewe na nawaambia, sikuwahi kuyaona yakiwa wazi namna ile. Aliyekuwa kwenye redio akaizima. Wanawake wakatazamana, maana bibi harusi kuita mtu kutoka jukwaani ni jambo ambalo hata wazee wao hawakuwasimulia.

"Hawe, ndzoo," akasema tena, kwa lugha yao, njoo. Kisha akatugeukia sisi sote, sauti inatetemeka lakini haikukatika. "Hili mnalolisifu ni hando. Ni la Hawe wangu, yule pale mliyempa sahani. Alilivaa akiolewa na babu yangu."

Hapakuwa na kicheko. Nilikingojea, na naamini yeye alikingojea zaidi yangu.

Hawe akatafuta pa kuweka sahani, asipaone, akaziweka kwenye kiti cha yule mwanamke wa bangili. Akapita katikati ya ukumbi taratibu, viatu mkononi, alivivua asichafue zulia. Akapanda jukwaani. Sote tulidhani atamkumbatia. Yeye akainama nyuma ya kiuno, akapitisha kidole katika mikunjo, akasimama kwenye mmoja.

"Huu umelazwa vibaya," akasema. Ulikuwa wa kwangu. Niliubana kwa pini nilipokosa nafasi. Akaitoa pini, akaulaza mkunjo kwa kidole gumba na mate kidogo, kama anavyofanya mtu nyumbani kwake. Ndipo akaja mbele, akamshika kidevu, akamtazama uso wote, wanja na poda na midomo.

"Ni wewe, Kadzo," akasema.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki, na lilikuwa mikononi mwa Bi Mwanaisha. Chetezo cha udi kilikuwa kimewashwa, na desturi ya nyumba yao ni kukipeleka kwanza kwa mkubwa wa ukoo, kisha kuwazungukia wengine. Mkubwa wao alikuwa mbele pale, mkono tayari kwenye ukingo wa leso yake ajifukize. Bi Mwanaisha alisimama na chetezo, moshi unampanda usoni. Nilimwona akifikiri, na mtu mwenye kiburi akifikiri huonekana. Akampita mkubwa wake. Akapanda jukwaani, akakishusha chini ya mikono ya Hawe.

"Karibu, mamangu," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema polepole. "Jifukize wewe kwanza."

Vigelegele vya hapo sivielezi. Mimi nilikuwa nalia, na mpambaji akilia hana wa kumfuta, kwa sababu tishu zote anazo yeye.

Yule wa bangili, nimpe haki yake, alizipeleka sahani jikoni mwenyewe.

Baada ya siku chache nilichukua hando kutoka kwa bibi harusi nilirudishe Majengo, kwa maana Hawe alikuwa anajitayarisha kurudi kwao. Asmini zilikuwa zimepondeka ndani ya mikunjo, zikaacha madoa ya kahawia kiunoni. Nilimwomba radhi. Nikamwambia nilitaka kulifua, ila niliogopa mikunjo isije ikafunguka, anieleze tu namna ya kulifua nami nitalifua kwa mikono yangu.

Hawe akalileta puani. Akakaa nalo hapo muda.

"Lilikuwa na moshi wa kwetu peke yake," akasema. "Sasa na nyinyi mmo."

Akalikunja, akalifunga katika leso, akakaza fundo.

"Usilifue. Kadzo akizaa binti, alikute hivi hivi."